Mteja akiuliza "Na wewe yalishakukuta?": jinsi ya kumjibu

Ninyi mnaoanza kazi ya ushauri nasaha katika zahanati, vituo vya afya na kambi za wakimbizi hapa mkoani Kigoma mnaniuliza swali moja kuliko mengine yote, na si la vipimo wala la dawa. Mshauri mwenyewe alishaugua sonona, au alishabanwa na hofu hadi akashindwa kupanda daladala, au pombe ilishamwangusha. Sasa mbele yake ameketi mtu mwenye shida hiyohiyo. Amwambie? Na akimwambia, asemeje?

Unaweza kumwambia. Wapo wateja ambao maneno yako machache yatawafanya waseme kwa mara ya kwanza jambo walilolificha hata kwa mama zao. Lakini maneno hayo yaandaliwe kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mteja atakuuliza ghafla, na jibu la papo kwa papo huwa ama refu mno ama la baridi.

Mimi nilishaugua. Ilikuwa baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nikiwa tayari muuguzi. Usingizi ulikata, nikawa nalia nikimnyonyesha, nikaanza kuamini kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kwa bibi yake kuliko kwangu. Kaka yangu akanipandisha treni, tukapita Tabora hadi Dodoma, nikatibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Nikapona, nikarudi kazini, na baadaye nikasomea ushauri nasaha. Nayaandika haya kwa sababu nilishaamua zamani nani ajue nini. Uamuzi huo ndio unaotangulia, na wewe uufanye kabla hujakaa mbele ya mteja yeyote.

Maswali ya kawaida yajibu tu

Mwaka 1912 Sigmund Freud aliwashauri madaktari wa fani yake wawe kama kioo, wamwoneshe mgonjwa kile anachokileta yeye, wasioneshe kitu cha kwao. Ushauri huo ulienda mbali, na hadi leo kuna vitabu vya mafunzo vinavyomtaka mshauri asijibu hata swali la watoto wangapi.

Hapa kwetu haiwezekani, na wala si adabu. Mzee wa Ujiji akikuuliza, "Mwanangu, wewe wa kwa nani?" ukamjibu, "Tuzungumze habari zako, baba," umeshamfukuza. Mtaa wa Mwanga mteja atakuwa anamjua mjomba wako. Lafudhi yako inamwambia kama umetoka Kasulu au ng'ambo ya ziwa. Pete ataiona, na tumbo la miezi saba ataliona. Haya yajibu kwa sentensi moja, kwa uso wa kawaida, kisha rudi kwake: "Ninao wawili, mama. Wa kwako uliniambia huyu mkubwa ndiye anayekusumbua?"

Kijana anayemhudumia mtu mzima atakutana na swali gumu kidogo: "Umeoa wewe? Sasa utanielewa nini?" Usijitetee kwa vyeti, wala usitafute mkasa wa kwako wa kulinganisha na wake. Mwambie ukweli: "Sijaoa, baba. Ndoa ya miaka yako siijui, wewe ndiye utakayenieleza. Ninachokijua ni namna ya kumsaidia mtu asiyelala usiku." Wazee wengi huridhika, kwa sababu umewaheshimu na hukuwadanganya.

Habari za ugonjwa wako ni jambo jingine kabisa. Hizo ndizo za kuandaliwa.

Walioifanya kazi hii kabla yetu

Ukitaka kuona namna ya kujieleza kwa faida ya mwingine, nenda kliniki ya CTC, ile ya huduma na matibabu ya VVU, uwasikilize WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao. Mtu amepewa majibu asubuhi ile, anatetemeka, halafu mama aliyeketi mbele yake anamwambia, "Mimi pia natumia dawa, na huyu unayemwona mlangoni ni mwanangu, hana maambukizi." Basi. Hasimulii nani alimwambukiza, wala mumewe alisema nini. Baada ya sentensi hiyo anamuuliza mgeni wake atakwenda kumwambia nani nyumbani. Nimewasikiliza kwa miaka mingi, na sijaona darasa lililonifundisha zaidi.

Ila tofauti moja izingatieni. Mwenzetu wa CTC amewekwa pale kwa sababu ya hali yake, na mteja analijua hilo kabla hajaketi. Kwako wewe mteja amefuata ujuzi. Akisikia kwamba na wewe uliugua, anaweza kufarijika, anaweza pia kujiuliza kama bado unaumwa. Kwa hiyo sentensi yako lazima ijibu maswali yote mawili kwa pamoja: yalinikuta, na yamekwisha.

Huko Marekani mwaka 2001 Barrett na Berman walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Washauri walipoongeza kidogo kujieleza, kwa kuitikia kile mteja alichosema, wateja walipungukiwa na dalili zaidi na wakawapenda washauri wao zaidi kuliko pale washauri walipojizuia. Ulikuwa utafiti mdogo, wa washauri waliokuwa bado wanafunzi, kwa hiyo msiubebe kama sheria. Lakini angalieni maneno "kwa kuitikia". Mteja alitangulia, mshauri akafuata.

Na Marsha Linehan, mwanasaikolojia aliyebuni tiba ambayo leo inatumika duniani kote kwa watu wanaojikatakata na wanaotaka kufa, alikaa kimya karibu maisha yake yote ya kazi. Mwaka 2011 ndipo aliposimama hadharani huko Hartford, katika hospitali ileile aliyolazwa akiwa msichana, akasema kwamba naye alikuwa hivyo. Kilichomsukuma ni mteja aliyeona makovu mikononi mwake akamuuliza kama ni mmoja wao, kwa sababu kama ndiye, wao wangepata tumaini. Swali hilohilo utaulizwa hapa Kibirizi, kwa Kiswahili.

Jipime kabla

Mwite msimamizi wako, au kama kituoni uko peke yako, mpigie mwenzako mnayeaminiana. Msimulie habari yako kwa sentensi nne. Sauti ikikatika, au ukijikuta unaongeza mambo ambayo hukupanga kuyasema, bado. Bado si aibu, maana yake ni kwamba jambo hilo lingali linakuhitaji wewe uwe mteja wa mtu.

Kisha jiulize: huyu mteja, kwa jina lake, akilisikia hili atalifanyia nini? Jibu liwe kitu cha kushikika. "Ataacha kudhani kwamba anayechukia kumshika mtoto wake ni mama muuaji." Hilo ni jibu. "Atajua kwamba namwelewa" halitoshi. Kumwelewa kwako kutaonekana katika maswali utakayomuuliza. Na ukiona jibu la kweli ni kwamba wewe utajisikia nafuu, au kwamba atakupenda, nyamaza.

Jambo la tatu ndilo ninalolisisitiza kwa sauti kubwa, kwa kuwa vitabu vya mbali hulipita haraka. Siri inambana mshauri, haimbani mteja. Wewe umekula kiapo, yeye hakula. Ana haki ya kumsimulia dada yake chochote alichosikia chumbani kwako, na Kigoma Ujiji ni mji ambao habari ya asubuhi ya Mwanga huwa imefika Gungu kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo usiseme kwa mteja lolote ambalo usingeweza kulisikia likisemwa na muuza migebuka mbele ya mama mkwe wako. Mfikirie pia mwenzi wako na watoto wako. Ugonjwa ni wako, lakini watakaochekwa shuleni ni wao.

Na hapa kuna jambo la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kama na wewe ulifika huko, hilo lipeleke kwa msimamizi wako na daktari wako. Lisitoke kwenda kwa mteja.

Andika, kisha kata

Chukua karatasi uandike kila ambacho ungetamani kusema. Iandike yote. Halafu anza kukata.

Kata jina la dawa na kipimo chake. Mteja akisikia kwamba mshauri alipona kwa dawa fulani atakwenda kuinunua duka la dawa, au ataitupa aliyoandikiwa kwa sababu si ile ya kwako. Kata majina ya watu. Kata aliyekukosea. Kata mambo ya kutisha, kwa sababu mteja mwenye hofu atayachukua akalale nayo. Kata pia njia ya imani iliyokusaidia, hata kama unaiamini kwa moyo wote. Ukisema "nilisali nikapona" kwa mtu ambaye ameshaombewa makanisa matatu na bado hajalala, umemwambia kwamba hakusali vizuri. Ukisema kisomo hakikufaa kitu kwa mtu ambaye kwao wanaamini amepagawa na jini, umemgombanisha na baba yake.

Mimi hukata hata neno Mirembe, kwa sababu nchini kwetu jina hilo watu wanalitumia kama tusi, na mteja akilisikia atabaki na hilo tu. Ninalirudisha katika hali moja: mteja anapopewa rufaa ya kwenda huko na familia nzima inalia kama msiba. Hapo husema, "Nimelala pale mimi. Nilirudi kwangu na kazini kwangu." Nimeona baba akiacha kukunja ile barua ya rufaa, akaanza kuuliza nauli.

Kinachobaki kwenye karatasi kiwe sentensi tatu au nne. Zisome kwa sauti ukiwa peke yako mpaka ziwe za mdomoni mwako, zisisikike kama tangazo.

Siku yenyewe

Mama mmoja muuza dagaa, ambaye nimebadilisha mambo yake ili asitambulike, alikuwa akija na mtoto mchanga aliyefunikwa kanga hadi usoni. Hamtazami. Nikimuuliza habari za mtoto ananijibu habari za biashara. Siku moja alinyamaza kwa muda, akawa anazungusha pindo la kanga kwenye kidole, kisha akasema:

"Dada, nikuulize. Wewe una watoto?"

"Ninao."

"Ulishawahi kumtazama mtoto ukaona kama si wako?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Baada ya kumzaa wa pili niliumwa. Nilikuwa namtazama naona kama wa jirani, na niliogopa kumwambia mtu. Nikatibiwa, nikapona, mapenzi yakarudi polepole. Lakini mimi si wewe. Wewe ukimtazama unaona nini?"

Akaifunua kanga. Akamtazama yule mtoto, akasema, "Naona mtoto wa watu niliyeachiwa nimtunze. Naogopa mwenyewe akija kumchukua sitalia."

Angalieni mpangilio wake. Alitangulia yeye, na haikuwa siku yetu ya kwanza, tulishajuana. Nilisema "niliumwa", sikutaja jina la ugonjwa, maana la kwake lilikuwa bado halijapimwa. Nilitaja hofu ya kumwambia mtu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imemkaba yeye muda ule. "Polepole" niliiweka makusudi, asije akarudi wiki ijayo akijilaumu kwamba mapenzi bado hayajaja. Treni sikuitaja, wala Dodoma, wala mume wangu. Na sentensi ya mwisho ilikuwa swali lake yeye. Baada ya jibu lile nilimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, tukaenda na hilo hadi muda ukaisha. Habari yangu haikurudi tena siku hiyo.

Wavuvi wetu wa dagaa huwasha taa usiku zimulike maji, ndipo samaki wakaja juu. Anayeigeuza ile taa ikamulika uso wake hapati kitu, na wenzake nao hawaoni. Ukihisi mazungumzo yanaanza kukumulika wewe, mteja anauliza la pili na la tatu, "Mume wako alisemaje? Ulilazwa siku ngapi?", igeuze kwa upole: "Nitakueleza siku nyingine kama itahitajika. Naona neno la mume limekugusa. Wako anasemaje?"

Na kama hutaki kusema, ni haki yako. Usidanganye kwamba hujawahi kuumwa, maana uongo hugundulika mjini. Sema: "Ni swali zuri, na habari zangu huwa sizileti hapa ili muda wote uwe wako. Lakini nataka kujua, kama ningekuwa nimepitia, ingekusaidia nini?" Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo alilokuja nalo.

Wa kutoambiwa

Watoto na vijana wa shule, hapana. Watakibeba kitu hicho hadi nyumbani, na mzazi atakuja kuuliza kwa nini mwanawe anajua magonjwa ya mwalimu wake wa ushauri. Mtu anayesikia sauti au anayeamini kwamba watu wanamfuatilia, hapana, kwa sababu habari yako inaweza kuingia ndani ya hayo anayoyaamini. Mwenye kesi ya talaka au ya watoto, hapana pia. Ndugu na marafiki si wateja wako kabisa.

Yupo mmoja ambaye wengi hawamtambui: dada mkubwa wa familia, yule aliyelea wadogo zake tangu mama alipofariki. Huyu ukimwambia uliumwa atasahau shida zake palepale. Atakuletea ndizi, atakuuliza kila akija kama umelala vizuri, na machozi yake atayameza ili asikuchoshe. Amezoea kumtunza kila mtu, na wewe umemwongezea mmoja. Huyo mpe masikio tu.

Mtu anayetaka kufa usimpe habari yako hata iwe inafanana vipi. Muulize moja kwa moja, "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Uliza atatumia nini, nani nyumbani anaweza kuiondoa ile sumu ya wadudu leo hii, na nani atalala naye usiku huu, kisha mfikishe kwa daktari. Dakika za mtu huyu ni zake zote.

Mnaofanya kazi katika kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu, mna hali ya pekee. Baadhi yenu mlikimbia kutoka Kongo au Burundi pamoja na wateja wenu, kwa hiyo kuna jambo wanalolijua kabla hamjafungua mdomo. Lakini mtu akiwa ametoka kwenye tukio leo au jana, fuateni mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake wa mwaka 2011: usimsimulie mkasa wa mtu mwingine, na usizungumze matatizo yako mwenyewe. Mtafutieni maji, blanketi na jina la ndugu yake. Hadithi za kukimbia zina wakati wake, miezi baadaye, na hapo pia mwacheni aanze yeye.

Kama unaumwa sasa hivi, acha kuhudumia, tafuta matibabu. Wateja waambie hutakuwepo kwa muda na fulani atawapokea. Hawahitaji zaidi ya hapo.

Baada ya kusema

Andika kwenye faili mstari mmoja: umesema nini na kwa nini. Usiandike hadithi. Mwambie msimamizi wako wiki hiyohiyo.

Mteja akirudi, mapema katika mazungumzo, muulize: "Mara ya mwisho nilikuambia kidogo kwamba niliwahi kuumwa. Ulibaki na nini?" Wengine watasema walilala kwa mara ya kwanza. Mwingine atasema alianza kukuonea huruma, au aliogopa kukuchosha, na hapo utajua la kurekebisha. Asiposema lolote, angalia mambo madogo: ameanza kukusalimia kwa kuuliza afya yako kwa sauti ya chini? Amepunguza kulia?

Na siku habari ikikurudia sokoni, jibu ulishaliandaa: "Ndiyo, niliumwa nikatibiwa. Na wewe ukiona mtu wako hali yake haieleweki, mlete kituoni." Uso wa kawaida, uendelee kuchagua nyanya. Usianze kumtafuta aliyesema. Mteja akija mwenyewe kukiri kwamba alimsimulia wifi yake, mwambie hakuvunja ahadi yoyote, kisha muulize ilikuwaje hadi wakafika huko. Mmoja niliyemuuliza hivyo aliniambia wifi alikuwa hatoki kitandani tangu mazishi ya mumewe, naye hakupata maneno mengine ya kumshawishi aje. Tukampangia Jumatano.